Kikoa, seva ya majina na kompyuta inayohama mitandao

Neno kikoa lilikuwamo katika Kiswahili zamani kabla ya kompyuta. Kamusi za kale hulieleza kuwa ni ulaji wa pamoja wa watu wanaoandaa chakula kwa zamu, na watu hao husemwa kuwa wanakula kikoa. Katika lugha ya intaneti neno hilo limepewa kazi ya kutaja eneo la majina lililo chini ya usimamizi mmoja, kwa mfano .tz au .ke, na mfumo mzima huitwa mfumo wa majina ya vikoa, au DNS.

Mfasiri wa miongozo ya kompyuta hana budi kutenganisha maneno matatu yanayochanganywa mno. Mtandao ni ule ambao kompyuta imeunganishwa nao kwa wakati fulani. Kikoa ni eneo la majina. Seva ya majina ni mashine inayoulizwa anwani ya jina fulani. Msomaji aliyeambiwa “badilisha kikoa” mahali palipostahili “badilisha seva ya majina” ataharibu mipangilio isiyokuwa na kasoro.

Paul Mockapetris alipobuni mfumo huu mwaka 1983, kompyuta zilikuwa mashine zisizohamishwa ovyo, na ilitosha kuandika anwani ya seva mara moja. Kompyuta mpakato haitulii hivyo. Asubuhi imo ofisini, jioni nyumbani, kesho hotelini. Kwa kawaida kila mtandao huipa kompyuta anwani ya seva yake ya majina kupitia DHCP, na mtumiaji haoni lolote. Tatizo huanza pale anwani inapowekwa na mtumiaji mwenyewe. (Miongozo mingine husema “kwa mkono”, usemi huo haufai sana, kwani “kuandika kwa mkono” humfanya msomaji afikirie kalamu.)

Tuseme mtumiaji ameweka 10.0.0.2, seva ya ofisini kwake. Afikapo nyumbani, anwani hiyo haifikiki, au imeshikwa na kifaa kingine kabisa. Kivinjari hudai kuwa tovuti haipatikani, naye hulaumu mtandao ambao ni mzima. Njia ya kuhakikisha ni kujaribu kufikia anwani ya tarakimu, kama 1.1.1.1: ikijibu, na majina yakaendelea kukataa, hitilafu imo katika seva ya majina.

Wengi hukimbilia kuweka seva ya umma, kwa mfano 8.8.8.8 ya Google. Hiyo hufanya kazi karibu kila mahali, ila haiyajui majina ya ndani ya ofisi, yakiwamo ya printa na ya seva ya mafaili. Aidha, mitandao mingine ya hotelini na viwanja vya ndege huzuia seva za nje mpaka mgeni ajisajili, na ukurasa wa kujisajili wenyewe haufunguki kwa sababu kompyuta inauliza mahali palipozuiwa.

Hapo huja wazo la kuweka zote mbili, ya umma kwanza na ya ofisi baadaye, na hapa tafsiri ikikosea hupoteza watu. Katika Linux, faili ya resolv.conf hukubali seva tatu. Kwa kawaida seva ya pili huulizwa pale ya kwanza inapokosa kujibu, baada ya kusubiriwa kwa sekunde 5 isipopangwa vingine. Seva ikijibu kwamba jina halipo, hilo ni jibu kamili, na ya pili haiulizwi. “Haikujibu” na “imejibu kuwa halipo” ni hali mbili tofauti. Mwongozo unaozifunika zote kwa “imeshindwa” humfanya mwanafunzi aongeze seva zisizomsaidia.

Isitoshe, kuihariri faili hiyo moja kwa moja mara nyingi ni kazi bure, kwa kuwa NetworkManager huweza kuiandika upya kila kompyuta inapojiunga na mtandao. Lililo bora ni kuweka mipangilio katika wasifu wa muunganisho husika: wa ofisini uwe na seva ya ofisi, mingine iachwe ipokee anwani kutoka kwa DHCP. Windows nayo huruhusu kila mtandao usiotumia waya uwe na seva zake, na macOS huhifadhi seti za mipangilio kwa jina la mahali.

Baada ya kuhama, jibu la zamani laweza kubaki kwenye akiba ya majina mpaka muda wake uishe. Baadhi ya tafsiri huuita “muda wa kuishi”; “muda wa uhalali” hueleweka upesi zaidi, maana jibu halifi, bali hupitwa na wakati. Katika Windows akiba hiyo hufutwa kwa amri ya ipconfig /flushdns, ambayo mfasiri huiacha kama ilivyo, kwani kompyuta haitaitambua ikiandikwa vingine.