Kabla ya Kidonge cha Kwanza cha Prednisoloni

Mgonjwa akiteremka kutoka Taru hadi hospitali ya rufaa ya Msambweni hapa Kwale, macho yamegeuka manjano, daktari hutafuta kwanza virusi vya homa ya ini, pombe na dawa za miti shamba. Vyote visipoonekana, hubaki jambo linalosahaulika mno: kinga ya mwili imeligeukia ini lenyewe. Ugonjwa huu, ulioelezwa na daktari Jan Waldenström wa Sweden mwaka 1950, huwapata zaidi wanawake, na usipotibiwa hulijaza ini makovu.

Tiba ipo. Prednisoloni huzima ishara ambazo seli za kinga huitana nazo. Azathioprini huzinyima seli hizo malighafi ya vinasaba, zikashindwa kuongezeka. Wengi hupona vizuri. Lakini dawa hizi hazichagui: kinga inayoshambulia ini ndiyo hiyo hiyo inayokizuia kifua kikuu kilichojificha mapafuni, na inayovidhibiti virusi vya homa ya ini B. Ndiyo maana vyote viwili hupimwa mapema. Watu wazima hasa wasirukwe kipimo cha B, kwani watoto wa Kenya walianza kuchanjwa mwishoni mwa 2001 tu.

Kuna hatari ya tatu, na hiyo ndiyo inayonitia hofu zaidi hapa Pwani: strongiloidi, mnyoo mwembamba unaopenya ngozi ya mguu pekupeku. Minyoo mingi hutoa mayai yanayotoka nje na choo. Huu hujizalisha ndani ya mtu yule yule, kizazi baada ya kizazi. Askari wa Uingereza waliotekwa na Wajapani katika Vita vya Pili vya Dunia walikutwa nao zaidi ya miaka 30 baadaye. Kinga ikiwa imara, mtu huenda asihisi chochote ila mwasho. Prednisoloni ikiingia, minyoo michanga hutoboa utumbo na kusambaa hadi mapafuni, ikiingiza bakteria wa utumboni kwenye damu. Mgonjwa aweza kufa ikidhaniwa ni nimonia. Tena prednisoloni hushusha eosinofili, seli nyeupe ambazo wingi wake ndio humshtua daktari awaze minyoo.

Albendazoli inayogawiwa shuleni haitoshi kuumaliza. Dawa yake ni ivermektini, ambayo si ngeni Kwale: utafiti wa BOHEMIA uliitumia huku mwaka 2023 dhidi ya malaria. Kwa kuwa kupima choo mara moja huweza kuukosa mnyoo, naona mgonjwa wa huku apewe ivermektini kabla ya kuanza prednisoloni, isipokuwa pana sababu ya kitabibu ya kumnyima.

Nawe unayemeza dawa hizi, usiziache ghafla: tezi zilizo juu ya figo huwa zimezoea kutofanya kazi, na ini laweza kuwaka upya. Usichanjwe chanjo ya homa ya manjano bila kumwuliza daktari wako. Ukipata homa au kikohozi, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na neno lako la kwanza liwe kwamba unatumia prednisoloni.