Wimbi Ghalani, Chai Sokoni: Habari za Ndanai

Bei ya unga ipandapo, kinamama wa Mombasa, Malindi na Lamu huitambua kabla ya magazeti kuiandika. Mwaka 2017 ilipanda hata serikali ikalazimika kugharimia pakiti ya kilo mbili ipate kuuzwa kwa shilingi 90, na mahindi ya kutoka Mexico yakateremshwa katika bandari yetu wenyewe. Siku hizo tulizungumza sana juu ya wafanyabiashara na wanasiasa, wala hatukulizungumza shamba. Wiki hii twawaomba wasomaji wetu wapande nasi hadi Ndanai.

Ndanai ni mji mdogo wa Sotik, katika kaunti ya Bomet, upande unaoelekea Trans Mara. Mtu wa pwani akisikia Kericho na Bomet huona moyoni majani ya chai tu, kijani kibichi hadi upeo wa macho. Picha hiyo ni ya kweli kwa nyanda za juu. Kadiri mtu ateremkavyo kuelekea Ndanai, chai hupungua, na nafasi yake huchukuliwa na mahindi na ng'ombe wa maziwa. Wenyeji ni Wakipsigis, na chakula chao cha heshima ni kimyet, yaani ugali, kwa mursik, maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa.

Zamani kimyet hiyo haikuwa ya mahindi. Ilikuwa ya wimbi, ambalo wengine wetu hulijua kwa jina la ulezi, na ambalo nyumba nyingi za pwani hulikumbuka mzazi anapohitaji uji au mtoto anapoanza kulishwa. Mahindi yalishika nguvu baada ya mashamba makubwa ya chai kuanzishwa Kericho katika miaka ya 1920. Vibarua wa chai walihitaji posho. Wakipsigis wakayalima mahindi, wakajenga vinu vya kuendeshwa kwa maji ya mito, wakauza unga. Ilikuwa biashara njema, nasi hatuwalaumu. Nani kati yetu angeiacha? Hata hivyo, kidogo kidogo zao la kuuza likawa pia ndilo zao la kula, na wimbi likasukumwa pembezoni mwa shamba.

Hatari yake ilidhihirika Septemba 2011. Huko Longisa, ndani ya kaunti hiyo hiyo ya Bomet, wakulima waliona majani ya mahindi yakigeuka manjano kuanzia ukingoni, kisha yakikauka mmea ungali mchanga. Gunzi likimenywa, halina punje, au lina chache zilizosinyaa. Wataalamu waliuita ugonjwa huo kwa herufi MLN, na wakabaini kwamba husababishwa na virusi viwili vinavyokutana katika mmea mmoja. Wadudu wadogo mno huvieneza kutoka shamba hadi shamba, na mbegu nayo huweza kuvibeba. Kufikia mwaka 2012 maradhi yalikuwa yamekwisha kuenea katika sehemu kubwa ya Bomet na kuvuka hadi Tanzania na Uganda. Septemba 2013 kituo cha kuzipima mbegu dhidi ya ugonjwa huo kilifunguliwa Naivasha, na tangu hapo mbegu zenye ustahimilivu zimetolewa.

Ushauri waliopewa wakulima ulikuwa mwepesi kuutamka: yang'oeni mahindi yaliyougua, msipande mahindi juu ya mahindi, pumzisheni shamba kwa viazi, maharagwe au mboga. Lakini mwenye ekari moja na watoto watano, aliyezoea kupanda mahindi kila mvua inaponyesha, huambiwa kwa ushauri huo kwamba msimu huu ugali ataununua. Ataununua kwa fedha gani? Hapo ndipo jambo lilipo zito, na hapo ndipo wazee wa kule walipoanza kulitaja wimbi tena.

Wimbi lina sifa ambayo mahindi hayana. Punje yake ni ndogo hata dumuzi hapati pa kujificha, na likikaushwa vyema hukaa ghalani miaka mingi bila kuharibika. Twalisema hili tukiikumbuka kisa cha Nabii Yusuf (A.S.), aliyewaelekeza watu wa Misri kuiacha nafaka katika masuke yake wakati wa neema kwa ajili ya miaka ya dhiki. Mahindi yaliyowekwa na unyevu, kinyume chake, huota kuvu lenye sumu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu zaidi ya mia moja Ukambani.

Tusilisifu wimbi kupita kiasi. Palizi yake ni adhabu, kwani magugu mengine hufanana nalo hata jicho huchanganyikiwa. Ndege hulipenda. Huvunwa suke kwa suke, kwa kisu kidogo, na kazi hiyo kwa kawaida ni ya wanawake. Wanaolisifu majukwaani mara nyingi si wao wanaoinama shambani.

Sheria yetu pia imetofautisha mazao. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu twayafuata, zaka ya mazao huwajibika katika nafaka na vyakula vinavyoliwa kuwa riziki kuu na kuwekwa akiba: sehemu ya kumi kwa shamba la mvua, nusu ya hiyo kwa shamba la kumwagiliwa, yakifikia wasaki tano. Wimbi limo, mahindi yamo. Jani la chai halimo, ila likiwa bidhaa ya biashara huhesabiwa kwa hesabu nyingine.

Na chai hiyo ya nyanda za juu hushuka kwetu. Tangu mwaka 1969 mnada wake hufanyika Mombasa, na malori huipitisha karibu na milango yetu ikielekea Pakistan, Misri na Uingereza. Miaka ya upungufu, mahindi hupanda njia hiyo hiyo kutoka melini. Wimbi nalo, sehemu kubwa ya lile linalosagwa nchini huletwa kutoka Uganda na Tanzania.

Mvua za masika zinapoanza, mama wa Ndanai husimama tena mbele ya shamba lake akiwa na mbegu mkononi, akipima ni kipande gani atakipa mahindi, kipi maharagwe, na kama mgongo wake utastahimili robo ekari ya wimbi.