Cornélie Falcon: Sauti iliyozimika jukwaani, jina likadumu

NGOMA ivumayo haidumu, walinena wahenga. Ni wasanii wachache ambao methali hii imewasibu kama ilivyomsibu Cornélie Falcon, mwimbaji wa opera wa Ufaransa aliyevuma kwa takriban miaka mitano tu, kisha sauti yake ikamtoka mbele ya hadhira.

Falcon alizaliwa mwaka wa 1814. Alisomea uimbaji katika Chuo cha Muziki cha Paris, ambako alitunukiwa tuzo ya kwanza mwaka wa 1831. Miongoni mwa waliomfunza alikuwa Adolphe Nourrit, mwimbaji mashuhuri wa teno ambaye baadaye alishiriki naye jukwaa.

Mnamo Julai 20, 1832, akiwa na umri wa miaka 18, aliimba kwa mara ya kwanza katika Opera ya Paris, kwenye kazi ya Giacomo Meyerbeer iitwayo Robert le diable.

Opera ni tamthilia ambayo maneno yake huimbwa huku wanamuziki wengi wakipiga ala. Enzi hizo hapakuwa na vipaza sauti. Mwimbaji alitegemea pumzi na koo lake pekee ili asikike hadi viti vya nyuma.

Falcon alijaliwa sauti nzito yenye nguvu katika noti za chini, ambayo pia iliweza kupaa hadi noti za soprano. Isitoshe, alikuwa mwigizaji hodari. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kuigiza Rachel katika La Juive ya Fromental Halévy mwaka wa 1835, na Valentine katika Les Huguenots ya Meyerbeer mwaka uliofuata.

Mkasa ulitokea Machi 1837, katika onyesho la Stradella, opera ya Louis Niedermeyer. Nourrit alimwimbia swali. Zamu ya Falcon kujibu ilipowadia, sauti ilikataa kutoka. Alijaribu tena, akashindwa, akazirai. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Ni nini kilichomsibu? Sauti hutokana na nyuzi mbili ndogo zilizomo kooni, ambazo hutetema pumzi inapopita. Soprano anapofikia noti za juu kabisa, nyuzi hizo hutetema zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde moja. Zikilazimishwa kupita kiasi, huvimba au kupata majeraha.

Wengi waliochunguza kisa chake hutaja mambo matatu: alianza kazi nzito akiwa mchanga mno, aliimba katika ukumbi mkubwa penye ala nyingi, na alishurutishwa kudumu katika noti za juu ilhali maumbile ya sauti yake yalikuwa ya chini.

Falcon alirejea jukwaani kwa muda, lakini kufikia mwaka wa 1838 ilimbidi aache kazi. Alikwenda Italia kutafuta tiba, asifanikiwe.

Mnamo Machi 14, 1840, aliandaliwa onyesho maalumu jijini Paris. Ukumbi ulifurika. Alipofungua kinywa, ilidhihirika kwamba ile sauti haikuwepo tena. Machozi yalimtiririka, na baadhi ya watazamaji wakalia pamoja naye.

Aliishi miaka mingine 57. Ukumbi aliovumia uliteketea kwa moto mwaka wa 1873, naye akafariki Februari 1897 akiwa na umri wa miaka 83. Mashine ya kunasa sauti ilipovumbuliwa mwaka wa 1877, hakuwa na sauti ya kunaswa. Kwa hivyo hakuna aliye hai leo anayejua alivyosikika.

Hata hivyo, jina lake halikufa. Hadi leo, walimu wa uimbaji nchini Ufaransa na kwingineko huita sauti ya soprano iliyo nzito chini na yenye uwezo wa kupaa juu, "falcon". Na wanapomweleza mwanafunzi maana ya neno hilo, aghalabu humweleza pia jinsi mwenye jina alivyoipoteza sauti hiyo.