Marekani ukame unalipa? Subiri kwanza!

Jamani, juzi kijiweni kwetu ubishi ulipamba moto hadi kahawa ikapoa. Jamaa mmoja alidai: "Ningekuwa mkulima Marekani, ningeomba mvua isinyeshe. Serikali inakulipa, unakula raha!" Tukacheka. Mimi sikuridhika, nikaenda kuchimba.

Hela ipo kweli. Mwaka 1988 ukame uliunguza mashamba ya mahindi na soya, na mwezi Agosti Rais Ronald Reagan akasaini sheria ya kuwafidia wakulima. Lakini sikia hesabu yake. Aliyetegemea magunia 100 akavuna 40, amepoteza 60. Magunia 35 ya kwanza yanakula kwake. Analipwa yale 25 yaliyobaki, tena kwa asilimia 65 tu ya bei iliyopangwa na serikali. Raha iko wapi hapo? Benki iliyomkopesha hela ya mbegu na mbolea haitaki kusikia habari za mvua.

Sasa ndipo nilipoishiwa kicheko. Hela inatoka Washington, lakini mlango wake uko kwenye kaunti, ambayo ni kama wilaya kwetu. Pale kulikuwa na kamati ya wakulima waliochaguliwa na wakulima wenzao, nayo ndiyo yenye sauti juu ya maombi. Wazo lenyewe si baya, maana jirani analijua shamba la jirani. Taabu inaanza pale jirani anapokuwa hakupendi.

Wakulima weusi walilalamika miaka nenda rudi. Mkopo unafika msimu wa kupanda umeshapita, msaada wa maafa unakatwa au unanyimwa kabisa, na kamati nyingi zimejaa wazungu watupu. Ukiandika barua ya malalamiko, inalala. Mwaka 1983 kitengo cha kushughulikia kesi za ubaguzi katika wizara ya kilimo kilivunjwa.

Mwaka 1997 mkulima wa North Carolina, Timothy Pigford, na wenzake wakaiburuta wizara mahakamani. Mwaka 1999 yakafikiwa makubaliano. Wengi wa waliokubaliwa walipewa dola 50,000 kila mmoja, na jumla ikapita dola bilioni 1. Mwaka 2010 zikatengwa nyingine bilioni 1.25 kwa waliochelewa kuwasilisha madai.

Ushindi? Ndiyo, lakini mwaka 1920 wakulima weusi Marekani walikuwa zaidi ya 900,000, na sensa ya kilimo ya mwaka 1992 iliwakuta hawafiki 20,000. Si wote waliong'olewa na kamati, wengine walifuata kazi mijini. Ila aliyenyimwa msaada mwaka wa ukame akauza shamba, hundi ya miaka kumi baadaye haimrudishii udongo wake.

Nikamkumbuka bibi yangu. Mwaka mmoja mahindi yalikauka kijijini, msaada ukaja, yeye akarudi na kibaba kimoja wakati jirani yake amebeba gunia. Nilipomuuliza kulikoni, alijibu kwa mkato: "Mjukuu wangu, tatizo si gunia. Tatizo ni nani ameshika daftari."

Kwa hiyo wewe mwenzangu wa mjini, ukisikia msaada umepelekwa kwa wakulima, usiishie kuuliza ni shilingi ngapi. Ulizia na daftari liko kwa nani.