Newala unaanza kwa kushuka

Masasi haifichi milima yake. Ukishuka stendi tu, majabali haya hapa mbele ya macho: Mkomaindo, Mtandi, Mkwera, kila moja limesimama kivyake na upara wake wa jiwe, nyumba na miembe vikijibanza miguuni pake. Unachagua moja, unapanda, jasho linakutoka, ukifika kileleni unakaa na kula, kisha kurudi ni kuteremka. Newala mambo yamegeuzwa. Mji wenyewe uko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, na pale unapokwenda kutembea pako chini yake. Asubuhi unashuka na nguvu zako zote, watoto wanaimba, kila mtu anapiga picha. Kupanda kunakuja saa saba mchana, chupa zikiwa tupu. Mlima wa Masasi unataka malipo taslimu. Newala inakopesha, na riba yake ni kali.

Familia yetu ilionja milima ya namna zote mbili likizo ya Juni. Mimi ni Mngoni wa Songea, mke wangu ni Mmakonde wa Newala mwenye ndugu Masasi, na watoto wetu watatu wamekulia Dar es Salaam, ambako kupanda kunamaanisha ngazi za ghorofa. Msafara uliongozwa na mjomba wao. Kwa Wamakonde, kama kwa majirani zao Wamakua na Wayao, ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba si mtu wa kuja na pipi na kuondoka. Yeye ndiye mwenye neno. Akisema tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi, shemeji hana la kuongeza.

Tulianzia Mtandi, mlima ambao chini yake limejengwa kanisa kuu la Anglikana la Masasi. Huko chini kuna njia ya miguu inayopita kwenye majani makavu, lakini haichukui muda kabla njia haijaisha na ukabaki na mwamba. Mwamba wenyewe ni mkwaruzo mtupu, unashika soli vizuri, isipokuwa pale penye michirizi myeupe. Michirizi hiyo ni mikojo ya pimbi, wanyama wanaofanana na sungura wasio na masikio marefu, ambao hukojoa mahali pamoja miaka nenda rudi mpaka jiwe linakuwa kama limepakwa chokaa. Mtoto wetu wa kati alikanyaga hapo, akaketi bila kupenda, akateleza kwa makalio hatua kadhaa na kusimama salama. Suruali haikuwa salama. Siku nzima alitembea na sweta la dada yake kiunoni.

Mjerumani Wilhelm Bornhardt, mtaalamu wa miamba, aliyapitia majabali ya kusini mwa nchi hii mwishoni mwa karne ya 19, akayaeleza kama visiwa vilivyochomoza nchi kavu. Hadi leo wanajiolojia duniani huliita jabali la namna hii kwa jina lake, hata likiwa Brazil. Maelezo yake si magumu: miamba laini iliyokuwa pembeni imeliwa na mvua na jua kwa mamilioni ya miaka, migumu ikabaki imesimama. Binti yangu mkubwa, aliye kidato cha pili, aliwaeleza wadogo zake hayo kwa ufasaha, na alipokuwa akieleza, tumbili akachukua mfuko wa maandazi. Hakukimbia. Alikaa juu ya jiwe tusiloweza kulifikia, akafungua fundo la mfuko kwa vidole kama mtu, akala akitutazama.

Mjomba hakusikitika hata kidogo. Alichokuwa akikisubiri ni nafasi ya kunikumbusha 1882. Miaka sita kabla ya hapo, mwaka 1876, Askofu Edward Steere alitoka Unguja akiwa na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakashukia Lindi, wakatembea kwa miguu hadi hapa Masasi na kuanzisha kijiji cha misheni. Kilikuwa kijiji cha watu waliokuwa wakitafuta pa kuanza upya. Mwaka 1882 Wangoni wakakivamia, wakachoma na kuteka. Misheni ikahamia Newala, juu ya uwanda, kwa Matola, mtawala wa Kiyao aliyekuwa mwenyeji wao. Kwa hiyo njia ya kutoka Masasi kwenda Newala, ambayo sisi tulikuwa tukiifuata kwa ajili ya kunyoosha miguu, wengine waliifuata kwa sababu ya babu zangu. "Shemeji," mjomba akasema, "wenzako walikuja na mikuki wakabeba kila kitu. Wewe umekuja na maandazi, na hata hayo umeshindwa kuyalinda." Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Utani wa kusini hauna haraka. Unaweza kusubiri miaka mia na arobaini mpaka tumbili atokee.

Safari ya Newala tuliifanya kesho yake kwa gari la kukodi, na pancha tulipata kabla hata hatujaanza kupanda uwanda. Sina haja ya kuirefusha; anayeijua barabara ile anajua. Ni sehemu ya barabara ya kilometa 210 inayotoka Mtwara kupitia Nanyamba, Tandahimba na Newala hadi Masasi, njia ya korosho, na kwa miaka mingi wakulima wake wamesubiri lami iwafikie. Tulipokuwa tukibadilisha tairi, upepo ulituletea harufu ya salfa. Juni ni mwezi wa kupulizia mikorosho. Mashine inanguruma shambani, unga wa njano unapanda juu ya majani, na mpuliziaji anatoka na kope za rangi ya pilau. Mwanangu mdogo alidhani kuna moto.

Newala ilitupokea kwa ubaridi. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alikaa Masasi kisha Newala akichunguza maisha ya watu, akiwa na wapagazi, kamera ya filamu na mashine ya kunasia nyimbo kwenye mitungi ya nta. Pamoja na yote aliyoyaandika kuhusu ngoma na jando, hakuacha kulalamikia upepo na baridi ya Newala. Alfajiri ya Juni nilimwelewa.

Wageni wengi wakifika Newala hupelekwa Shimo la Mungu. Unasimama ukingoni, ardhi imekatika ghafla kama imemegwa, na mbele yako ni bonde linaloteremka kuelekea mto Ruvuma. Ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Wengi hupiga picha hapo na kurudi mjini kula chipsi. Mjomba alitaka tushuke.

Kushuka kwenyewe ni raha. Udongo ni mchanga mwekundu, unateleza kidogo chini ya kisigino, na vichaka vya Makonde ni vinene kiasi kwamba huoni mtu aliye hatua kumi mbele. Unamsikia tu akikohoa. Hatukufika mbali mzee mmoja akatokea njiani, hakusalimia kwanza kama desturi, alinyoosha mkono tu. Mjomba akamwendea, wakanong'ona. Mbele kulikuwa na likumbi, kambi ya jando. Juni ni likizo ya shule, wavulana wamo ndani, na wanawake hawapiti huko kabisa. Binti yangu alitaka kujua kwa nini hapajawekwa kibao. Mzee alimtazama kwa upole, akamjibu, "Mjukuu wangu, kibao ni mimi." Tukazunguka.

Huko tulikozunguka ndiko tulikokutana na upupu. Kwa asiyeujua, ni mmea unaotambaa, maganda yake yana manyoya ya rangi ya dhahabu yanayong'aa juani, na mtoto wa mjini akiona kitu kinachong'aa hivyo atakigusa. Mwanangu mdogo aligusa kwa mkono wa kulia, kisha akajikuna shingo kwa mkono uleule. Kilio kilichofuata kilisikika Msumbiji. Mama yake alishafungua chupa ya maji amwoshe, mjomba akamshika mkono. "Dada, acha! Maji yatayatandaza." Alimkalisha mtoto, akachukua mchanga mkavu, akamsugua taratibu kuelekea upande mmoja, akautupa, akachukua mwingine. Baadaye nyumbani alimalizia kwa majivu. Nikamuuliza kama kweli maji yanadhuru. Akasema yanadhuru, na isitoshe yale yalikuwa ndiyo maji ya mwisho.

Hapo ndipo deni la Newala lilipoanza kudaiwa. Soli ya raba ya mtoto wa kati ilibanduka kuanzia vidoleni, ikawa inapiga kofi kila hatua. Mjomba alitoa mfukoni ukanda wa tyubu ya baiskeli, ule ambao bodaboda hufungia mizigo, akauzungusha kwenye kiatu mara kadhaa na kupiga fundo. Kiatu kikawa kizima kuliko kilivyokuwa dukani. Tukaanza kupanda. Katikati ya kupanda tukamkuta mama mmoja chini ya mkorosho na sufuria la ming'oko iliyochemshwa, vile viazi pori vyembamba ambavyo huchimbwa vichakani. Unabandua ganda kwa ukucha, ndani ni vyeupe, vina vinyuzi laini, na huliwa na chumvi. Vilikuwa vitamu sana. Na chumvi, kwa watu wasio na maji, ilifanya kazi yake ndani ya dakika chache.

Mama yule alikuwa na dumu, akawapa watoto nusu kikombe kila mmoja, na sisi wakubwa tukakataa kwa adabu ambayo haikutoka moyoni. Shangazi wa mke wangu, aliyezaliwa Newala kabla ya uhuru na aliyekuwa akipanda mbele yetu wote na kanga yake begani, alisimama kutungoja. Hakuwa akihema. Alisema akiwa msichana alikuwa akiondoka kabla jogoo hajawika, anashuka chini kabisa kwenye chemchemi, anapanda na mtungi kichwani, na akifika nyumbani jua limechomoza. "Na njiani hatukuwa tukinywa," akaongeza. "Ukinywa, umebeba kwa ajili gani?"

Alichokuwa akieleza kina sababu yake ardhini. Mvua ikinyesha juu ya uwanda wa Makonde haikai. Mchanga unaimeza na kuipeleka chini sana, inakuja kutokea kwenye chemchemi za mabondeni na miguuni mwa uwanda. Juu pana ardhi ya mihogo, mbaazi na korosho, pana upepo, na zamani palikuwa na vichaka ambavyo mvamizi hakuvipenda. Kilichokosekana ni maji tu, na watu wakaamua kuyafuata kwa miguu kuliko kuhamia yaliko. Yaani wakaamua kwamba wanawake watayafuata. Weule aliliona hilo 1906, na wakoloni Waingereza katika miaka ya 1950 wakajenga mradi wa kuyasukuma maji kutoka bondeni hadi juu. Mradi wa Makonde bado ndio tegemeo la Newala na Tandahimba, maji yake yakipandishwa kutoka Mitema, upande wa Kitangari. Pampu ikisimama, madumu ya njano hujipanga barabarani, na nyumba zenye bati na kisima cha kuvunia mvua ndizo zenye usingizi.

Ramani zinataja mwinuko. Magoti ndiyo yanayokwambia mtungi ulikuwa na uzito gani. Sioni njia bora ya kumfundisha mtoto wa Dar es Salaam, anayeoga huku bomba likiachwa wazi, jinsi mji huu ulivyoishi. Wanaozitembeza familia mpaka ukingoni tu kwa ajili ya picha wanazinyima nusu ya Newala. Mwenye kutaka kushuka aende Juni au Julai, aanzie ofisi ya serikali ya mtaa apewe kijana wa kumwongoza na amlipe, kwa sababu vichaka ni vile vile na makumbi hayana vibao. Na maji ayagawe sawa, nusu iwe ya kurudia.

Mjomba sasa anataka twende Ndanda, chini ya uwanda upande wa barabara ya Mtwara, ambako watawa wa Benedikto walijenga misheni yao mwaka 1906 karibu na chemchemi. Huko, anasema, unaanzia kwenye maji ndipo unapanda. Mke wangu amekubali, kwa sharti kwamba raba za watoto atanunua yeye mwenyewe, si mimi, na ule ukanda wa tyubu usitoke mfukoni mwa kaka yake.