CHIZI NI NANI? HATA MADAKTARI WALIWAHI KUPISHANA

Mtaani kwetu kumpa mtu cheo cha uchizi hakuchukui hata dakika tano. Akiongea peke yake, chizi. Akijifungia ndani wiki nzima, karogwa huyo! Akipiga kelele usiku zinatafutwa kamba, anafungwa kwenye mwembe wa uani mpaka mganga afike.

Lakini usidhani, msomaji wangu, kwamba waliosoma walizaliwa na majibu. Miaka ya 1960 hospitali za New York zilijaa wagonjwa walioandikiwa skizofrenia, ule ugonjwa wa kusikia sauti zisizokuwepo. London je? Huko wengi zaidi waliandikiwa ugonjwa wa furaha iliyopitiliza na huzuni. Eti Wamarekani ndio wamechanganyikiwa zaidi? Wapi! Watafiti waliwahoji wagonjwa wa miji yote miwili kwa maswali yale yale, na tofauti karibu yote ikayeyuka. Matokeo yalichapishwa 1972. Kumbe kilichotofautiana ni madaktari, siyo wagonjwa.

Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kikatoa kitabu chenye orodha ya dalili za kila ugonjwa. Shirika la Afya Duniani nalo lina mwongozo wake, na huu wa 11 ulianza kutumika Januari 1, 2022. Chukua sonona. Mwongozo unataka dalili angalau 5 kati ya 10, karibu kila siku, kwa wiki 2, na mojawapo lazima iwe huzuni au kukosa hamu ya mambo. Kulia Jumapili moja kwa sababu mchumba kakutosa siyo sonona, dada yangu!

Hakuna kipimo cha damu kinachosema huyu ana skizofrenia. Damu inapimwa kumtafuta mwizi mwingine: malaria iliyopanda kichwani, kaswende ya siku nyingi, sukari iliyoshuka, tezi ya shingo. Hapo ndipo ile kamba ya mwembe inaponichefua. Mwenye malaria ya kichwa anaweza kukata roho kabla ubani wa mganga haujaisha, na nyie mnasema majini yamemshinda.

Wala huhitaji kuanzia Mirembe kule Dodoma, hospitali ya wilaya inatosha. Ila asipelekwe na jirani asiyemjua. Aende anayelala naye nyumba moja, maana daktari atauliza: ilianza lini, analala, anakula, anakunywa gongo au kuvuta bangi, kwenye ukoo kuna kifafa? Ukijibu "sijui" kwa yote, unamwachia daktari abahatishe.