Mtoto wa kota na barua ya uhamisho

Tengeru, njiani kuelekea Usa River, kuna makaburi ya Wapoland walioanza kuletwa huko mwaka 1942. Kambi yao ilifikia watu wapatao 5,000, wengi wao akina mama na watoto. Baba na kaka za baadhi yao walikuwa katika jeshi la Jenerali Władysław Anders. Watoto hao waliondolewa makwao na Wasovieti, wakaonja baridi ya Siberia, wakapita Iran, wakavuka bahari hadi miguuni pa Mlima Meru.

Kama mshauri nasaha wa watoto, najiuliza waliwezaje kusimama tena. Jibu naliona katika ratiba ya kambi: shule kwa Kipolandi, ibada, skauti. Nchi zilibadilika, ila lugha ya mwalimu na nyimbo za jioni zilibaki zilezile.

Jirani na hapo, Duluti, leo kuna Chuo cha Ukamanda na Unadhimu cha Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Monduli wanafundishwa maofisa. Watoto wa kota za jeshi nao wanajua kuhamahama: wanaijua barua ya uhamisho wa mzazi. Mtaala wa taifa ni mmoja, na hiyo ni nafuu kubwa: anayetoka Monduli kwenda Songea hakuti hesabu nyingine. Anachokosa ni watu. Wa darasa la pili hupata haraka wa kucheza naye. Wa kidato cha tatu anakuta marafiki wameshashikana, na mwakani ana mtihani wa taifa. Huyu ndiye ninayemhofia, hasa akisema hana shida.

Mzazi akienda ulinzi wa amani, jeraha ni jingine. Mmarekani Pauline Boss, aliyezichunguza familia za wanajeshi waliopotea vitani Vietnam, alieleza huzuni ya aina yake: mtu hayupo, na matanga hayawezi kuwekwa. Desemba 2017 askari wetu zaidi ya 10 waliuawa Semuliki, mashariki mwa Kongo. Habari kama hizo hazizuiliki kwa kuzima redio. Mtoto mdogo asipoambiwa kitu hujaza pengo mwenyewe, na mara nyingi hujilaumu: baba kaondoka kwa utukutu wangu. Aambiwe baba yuko wapi, anafanya kazi gani, na nani atampeleka shule.

Barua ya uhamisho nayo ikifika, ajue siku hiyohiyo. Apewe nafasi ya kuaga marafiki, mwalimu wa kwaya, hata mama wa maandazi. Huko aendako, kabla masanduku hayajafunguliwa yote, atafutiwe kwaya, timu au skauti kama aliyoiacha.